Bega Linaloendelea Kuuma Baada ya Ajali au Kipigo

Katika vituo vyetu vya mpakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, hufika watu walioanguka na bodaboda au waliopigwa miezi kadhaa iliyopita. Husema, "Picha ilionyesha mfupa haukuvunjika, lakini mkono haupandi." Wengi wao wamekwisha kuambiwa nyumbani kwamba wanajidekeza.

Ndugu wananchi, picha ya eksirei huonyesha mifupa. Bega hushikiliwa pia na misuli minne ambayo kano zake hukizunguka kichwa cha mfupa wa mkono, na kano iliyochanika haionekani katika picha hiyo. Kwa sababu hiyo daktari huuliza kwanza jinsi ulivyoumia, kisha hulipima bega kwa mikono yake. Ukishindwa kuinua mkono mwenyewe, lakini yeye akauinua bila shida, hushukiwa kano au neva. Ikiwa naye hawezi kuuinua wala kuuzungusha kwenda nje, huenda kiungo kimekaza, au bega limeteguka kuelekea nyuma. Mteguko wa namna hiyo waweza kufichika katika picha iliyopigwa kutoka mbele pekee. Hivyo huhitajika picha ya upande mwingine. Kano zenyewe huonekana kwa ultrasaundi au kipimo cha MRI.

Aliyezidi miaka 40 asiridhike kwa kuwa bega lililoteguka limerudishwa mahali pake, kwani katika umri huo kano huchanika kwa urahisi. Kano iliyokatika kabisa ikiachwa muda mrefu, hujivuta nyuma na msuli wake hunyauka, hata kuishona kukawa kugumu. Kulikanda bega kwa nguvu kabla ya kupimwa hatukushauri.

Kwa upande wetu, fomu ya polisi, yaani PF3 nchini Uganda na Tanzania, au P3 nchini Kenya, ndiyo ambamo daktari huandika kiwango cha madhara. Hutolewa bila malipo. Ikiwa siku ya kwanza uliandikiwa michubuko tu, na baadaye kano ikabainika kuchanika, mpelekee mpelelezi wako matokeo hayo mapya, kwa maana uzito wa shtaka hufuata uzito wa jeraha. Ripoti itolewe katika nchi ambamo tukio lilitokea. Aliyevuka mpaka kutafuta matibabu atunze kila karatasi aliyopewa, pamoja na picha zenyewe.

Mkono ukifa ganzi au ukiwa baridi, au bega likivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Fomu yaweza kufuata baadaye.