Baruapepe Haipepei: Safari ya Ujumbe Baina ya Seva katika Nchi ya Majani Chai

Utangulizi

Katika kaunti za Kericho na Bomet, jani la chai halina subira. Likishachumwa huanza kunyauka, na likicheleweshwa gunini hupata joto na ubora wake hupungua. Ndiyo maana mkulima wa Litein au Mogogosiek huyajua barabara mapito ya jani lake: kutoka shambani hadi kituo cha kununulia, kutoka kituoni hadi kiwandani kwa lori, na baada ya kusindikwa, kutoka kiwandani hadi maghala ya Mombasa, mji ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969. Akiuliza chai yake iko wapi, huweza kujibiwa kwa jina la mahali.

Ujumbe unaoisindikiza chai hiyo haujapata bahati ya kufahamika hivyo. Karani anapotuma orodha ya shehena kwa baruapepe, aghalabu husema "nimetuma" akimaanisha "imefika". Baina ya maneno hayo mawili pana vituo kadhaa, na katika kila kituo ujumbe unaweza kukawia, kurudishwa au kukataliwa. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi seva zinavyopokezana ujumbe ndani ya mtandao wa shirika moja na nje yake. Aidha, yanaonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha kulieleza jambo hili, mradi watumiaji wake wautafute mahali panapostahiki.

Jina Linavyoificha Njia

Katika Kiswahili cha Kenya, majina mawili yameshindana kwa muda mrefu: baruapepe na baruameme. La kwanza humkumbusha msikilizaji upepo na kupepea; la pili humkumbusha umeme. Yote mawili yanasifu kasi, na hakuna hata moja linalotaja kituo. Msikilizaji huchukulia kwamba barua huruka moja kwa moja kutoka kwa mwandishi hadi kwa mwandikiwa, mithili ya ndege asiyetua.

Ukweli ni kwamba baruapepe hufanana zaidi na barua ya ofisini ya zamani. Mwandishi hakuipeleka barua mwenyewe. Aliikabidhi masijala, masijala ikaisajili na kumpa tarishi, naye tarishi akaifikisha katika masijala nyingine. Seva ya barua ni masijala na tarishi kwa pamoja: hupokea, hutia muhuri, huhifadhi na kusafirisha. Mtu akilishika jambo hili, yaliyosalia hayamtatizi.

Anwani na Bahasha

Anwani ya baruapepe ina sehemu mbili zinazotenganishwa na alama ya @, ambayo Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua kwa kazi hiyo mwaka 1971. Upande wa kulia ni kikoa, yaani jina la shirika katika mtandao. Upande wa kushoto ni jina la sanduku ndani ya shirika hilo. Seva huanza kusoma upande wa kulia, kama vile karani wa posta anavyotazama kwanza jina la mji kabla ya kutazama nambari ya sanduku.

Vilevile, barua hii ina bahasha. Programu ya mtumaji inapoikabidhi seva ujumbe, hutaja kwanza anayetuma na wanaotumiwa, kisha ndipo hutoa barua yenyewe. Seva husafirisha kwa kufuata bahasha wala si kwa kufuata jina lililoandikwa juu ya barua. Kutokana na hali hii, nakala ya siri humfikia mtu ambaye jina lake halionekani popote katika barua. Kwa sababu iyo hiyo, tapeli huweza kuandika juu ya barua jina lisilo lake. Ni kosa, basi, kuliamini jina la mwandishi kwa kuliona tu.

Barua Isiyotoka Nje ya Shirika

Chukulia shirika la kubuni lenye makao makuu Nairobi, ofisi ya kanda mjini Kericho, viwanda viwili katika kaunti ya Bomet na ofisi ya mauzo Mombasa. Kila mahali pana seva yake. Karani wa kiwanda kimoja cha Bomet anawaandikia wenzake watatu wa Mombasa.

Seva ya kiwandani hujiuliza swali la kwanza: je, kikoa hiki ni chetu? Jibu likiwa ndiyo, hufungua saraka ya shirika, yaani daftari la wafanyakazi wote na masanduku yao, na kubaini kwamba masanduku hayo matatu yamo katika seva ya Mombasa. Swali la pili ni la njia. Kila kiungo baina ya vituo kimepewa gharama kwa tarakimu: kiungo imara hupewa gharama ndogo, kile dhaifu hupewa kubwa. Seva hujumlisha gharama za kila njia na kuchagua yenye jumla ndogo kuliko zote. Ikiwa Bomet hadi Kericho ni 10, Kericho hadi Nairobi ni 10 na Nairobi hadi Mombasa ni 10, jumla ni 30. Ikiwa kipo kiungo cha moja kwa moja cha Bomet hadi Mombasa chenye gharama ya 50, barua itapitia Kericho na Nairobi ingawa vituo ni vingi zaidi. Ufupi wa njia, basi, hauhesabiwi kwa idadi ya vituo pekee.

Seva iliyopangwa vyema haitumi nakala tatu katika safari hiyo. Hutuma nakala moja yenye bahasha inayotaja majina matatu, na nakala hugawanywa mwisho wa safari. Hakuna dereva mwenye busara anayefanya safari tatu kwa magunia matatu yanayokwenda kiwanda kimoja.

Barua Iendayo Nje

Kikoa kisipokuwa cha shirika, seva huuliza Mfumo wa Majina ya Vikoa, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Mfumo huo huijibu kwa orodha ya seva zinazopokea barua za kikoa hicho, kila moja ikiwa na nambari ya upendeleo. Yenye nambari ndogo hujaribiwa kwanza. Ikishindikana, hujaribiwa inayofuata.

Njia ya barua na njia ya waya, hata hivyo, ni mambo mawili tofauti. Hapo awali, barua baina ya ofisi mbili za Nairobi zilizohudumiwa na kampuni tofauti za intaneti iliweza kupanda setilaiti, kufika ng'ambo na kurejea Nairobi. Kituo cha kubadilishana data baina ya kampuni hizo, KIXP, kilianzishwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya majuma machache kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, utegemezi wa setilaiti ulipungua sana. Leo mashirika mengi yamekodi seva zilizo nje ya nchi, hivi kwamba barua ya karani kwa jirani yake wa meza ya pili huweza tena kuvuka mpaka kabla ya kumfikia.

Kukawia na Kurudishwa

Kericho ni mashuhuri kwa radi na mvua ya mawe. Kiungo kikikatika, barua haipotei: seva huiweka katika foleni na kujaribu tena baadaye. Kanuni ya msingi ni kwamba seva haiachilii dhima ya barua mpaka seva inayofuata ikiri kuipokea. Ungamo hilo ni nambari 250. Nambari zinazoanza na 4 humaanisha "jaribu baadaye". Zinazoanza na 5 humaanisha "usijaribu tena". Itifaki iliyochapishwa mwaka 2008 inashauri seva isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5.

Hapa ndipo hatari ilipo. Orodha iliyotumwa Jumatatu huweza kukaa folenini hadi Alhamisi bila kuvunja kanuni yoyote, ilhali mnada haungoji. Itifaki huahidi jitihada, haiahidi wakati.

Kila seva hupiga muhuri juu ya barua, ikitaja jina lake na saa ya kupokea. Anayetaka kujua barua ilikawia wapi huisoma mihuri hiyo kutoka chini kwenda juu, na pengo kubwa la saa baina ya mihuri miwili humwonyesha kituo cha kushuku. Mihuri hiyo pia huzuia barua kuzunguka bila kikomo: ikizidi idadi fulani, seva hung'amua kwamba barua inarudi ilikotoka na kuikataa.

Barua ikishindikana kabisa, mtumaji huletewa taarifa ya kurudishwa. Wengi huifuta bila kuisoma, wakidhani ni barua taka. Wahenga walisema mjumbe hauawi: taarifa hiyo hutaja nambari na sababu, na pengine ndiyo ishara pekee kwamba Mombasa hakujafika kitu.

Hitimisho

Imebainika kwamba masijala, tarishi, bahasha, muhuri, foleni na saraka, maneno yaliyomo tayari katika Kiswahili, yanatosha kubeba sehemu kubwa ya maelezo haya. Waundaji wa istilahi wamejitahidi kuvipa vifaa majina. Kazi iliyosalia ni kuzipa majina shughuli ambazo vifaa hivyo hufanya. Majina baruapepe na baruameme yamekwisha kukita mizizi, wala hapana haja ya kuyang'oa. Ila mwalimu anayeyafundisha hana budi kuongeza kwamba barua hii haipepei. Hukabidhiwa, na kila mkono unaoipokea hutia muhuri wake. Karani wa Bomet akilijua hilo, atapiga simu Mombasa kuuliza kama orodha imefika kabla saa ya mnada haijawadia.