Si kila mwili moto ni malaria

Katika Kiswahili cha Bukavu au cha Lubumbashi, mtu akiamka na mwili moto na viungo vikimuuma, mara nyingi husema: "Niko na malaria." Jina la ugonjwa limekalia kiti cha jina la dalili. Kwetu sisi wa lugha, huko ni kupanuka kwa maana tu. Kwa muuguzi aliye mbele ya mtoto mgonjwa ni hatari, maana nimonia na homa ya matumbo nazo huja na mwili moto.

Neno lenyewe lilizaliwa na kosa. Kwa Kiitaliano ni "hewa mbaya", kwani ilidhaniwa kuwa ugonjwa unatokana na harufu ya vinamasi. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vimelea katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross alivikuta ndani ya mbu huko India. Hewa ilisafishwa jina, neno likabaki.

Kutibu kwa kukisia kulidumu miaka mingi, wala haukuwa ujinga. Klorokini ilikuwa rahisi, hadubini zilikuwa chache, basi kila mtoto mwenye homa alimeza vidonge. Lakini vimelea vilizoea dawa. Kongo iliiacha klorokini mwaka 2001, na mwaka 2005 ikachagua artesunate pamoja na amodiakwini.

Kwa malaria kali, kwinini, ambayo mti wake umelimwa sana Kivu, ilitawala muda mrefu zaidi. Utafiti uliotolewa mwaka 2010, uliohusu watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, uliipindua: kati ya kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109, waliodungwa artesunate, 85.

Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa apimwe kabla ya dawa. Kipimo cha haraka ndicho kilichowezesha hilo hata kijijini kusiko na umeme: tone la damu ya kidole, dakika kama 15 au 20, kisha mstari. Kinanasa protini ya vimelea. Kina udhaifu wake, kwa kuwa protini hiyo hukaa katika damu majuma kadhaa baada ya mtu kupona.

Tangu Oktoba 2024 kuna pia chanjo, iliyoanzia jimbo la Kongo Central. Inapunguza ugonjwa bila kuumaliza. Mtoto aliyechanjwa bado hulala ndani ya chandarua, na akipata homa bado hupimwa.

Hapo lugha inarudi. Muuguzi akisema "hana malaria", mama husikia "mtoto wako si mgonjwa", naye anamwona anaungua. Ataenda kununua vidonge dukani. Afadhali aambiwe: "Mtoto ana homa kweli, ila haikuletwa na mbu. Tuendelee kutafuta chanzo chake."