Kuku naye ana mabawa, mbona hapai?

Hivi msomaji wangu, umeshawahi kukaa mbele ya sahani ya chipsi kuku ukajiuliza: huyu jamaa ana mabawa mawili kamili, mbona hakupaa akaenda zake kabla ya kukutana na kisu? Usicheke, jibu lipo hapo hapo kwenye sahani.

Angalia kidari. Hiyo ndiyo injini ya ndege, nyama inayovuta bawa kwenda chini. Kidari cha kuku ni cheupe, msuli wa kufyatuka mara moja: anaruka uzio, basi, kachoka. Cha njiwa ni chekundu, kimejaa damu, msuli wa kupiga kazi masaa.

Bawa lenyewe limepinda kwa juu. Likikata hewa linaisukuma chini, nayo hewa inamsukuma ndege juu. Mifupa yake mingi ina uwazi ndani, na mapafu yana vifuko vya hewa, kiasi kwamba hata akitoa pumzi, hewa safi bado inapita mapafuni. Sisi tukikimbilia daladala tu, hoi!

Sasa anahangaika hivyo kwa nini? Eti uhuru? Wapi! Ni tumbo na roho yake. Dodo wa Mauritius alitokana na ndege wanaopaa, lakini kisiwani alikuta chakula chini na adui hakuna, akaachana na kupaa. Waholanzi walifika mwaka 1598, na kabla karne ya 17 haijaisha, dodo alikuwa historia.

Kwelea hana mchezo huo. Nilipokuwa mdogo, likizo nilikuwa napelekwa kwa bibi Mamboya, chini ya milima ya Ukaguru, wilayani Kilosa. Mtama ukianza kukomaa, wajukuu wote alfajiri tuko juu ya dungu na makopo, tunaamia ndege. Kwelea ana gramu 20 hivi, lakini kwa siku anaweza kula gramu 10, nusu ya uzito wake! Kundi la milioni 1 ni tani 10 kwa siku. Hiyo ndiyo petroli ya kufuata mvua nchi hadi nchi, bila pasipoti.

Bibi alikuwa anatuambia: "Wajukuu zangu, kumuua hamuwezi, ila msimwache atue." Nilikuja kumwelewa ukubwani. Kila ukimrusha, anachoma alichokula. Akiona shamba halimlipi, anahama.

Ndege za serikali hunyunyizia sumu makundi makubwa yakilala, lakini sumu hiyo haichagui: mwewe akila kwelea aliyekufa, naye anaweza kufa. Na pale ndege hizo zisipofika, anayepanda dungu ni mtoto, wakati wenzake wako darasani.

Kwa hiyo ukimwona ndege anakatiza juu ya maghorofa usimwonee wivu, yuko kazini. Na ukinywa uji wa mtama, jua kuna mtoto aliupigia kopo tangu alfajiri.

Tukutane wiki ijayo!