Maiti wa Mashambani Afrika ya Kusini Wahesabiwe Wote

Tarehe 6 Oktoba, 2020, wenye mashamba wa Kizungu walikusanyika kwa wingi mbele ya mahakama ya Senekal, mji mdogo katika jimbo la Free State, Afrika ya Kusini. Siku chache kabla yake kijana wa Kizungu, msimamizi wa shamba moja karibu na Paul Roux, alikutwa ameuawa, na maiti yake imefungwa kwenye nguzo ya ua wa shamba. Waafrika wawili walikuwa wamekamatwa, na siku hiyo walifikishwa mbele ya hakimu. Baadhi ya watu waliokusanyika wakaingia mahakamani kwa nguvu, wakidai wakabidhiwe washtakiwa. Risasi zikalia. Gari la polisi likapinduliwa na kutiwa moto.

Siku kumi baadaye shauri liliporudi, Senekal palikuwa na makundi mawili. Julius Malema na wafuasi wa chama chake cha EFF, kofia nyekundu vichwani, walikuwa wamewasili wakisema kuwa wamekuja kulinda mali ya umma. Wazungu walisimama upande wao, Waafrika upande wao, na katikati walikuwako polisi na nyaya zao za miiba. Picha za siku hiyo zilienea dunia nzima, na kila aliyezitazama alidhani kwamba ameielewa Afrika ya Kusini.

Basi tuulize jambo ambalo wapiga picha hawakungoja kuliuliza: shauri liliishaje? Novemba 2021 Mahakama Kuu iliwaachilia huru washtakiwa wote wawili, kwani upande wa mashtaka ulishindwa kuthibitisha kwamba wao ndio waliomwua yule kijana. Siku hiyo haikuwako kofia nyekundu mtaani wala gari lililoungua. Umati uliodai haki kwa kelele ulikwenda nyumbani mikono mitupu, nao washtakiwa, ambao umati ule ungewapata ungewaua, hawakuwa wauaji mbele ya sheria.

Sasa tutoke Free State, twende jimbo la North West, katika mji wa Coligny, na turudi nyuma hadi Aprili 2017. Huko kijana wa Kiafrika wa miaka 16 alituhumiwa na Wazungu wawili kwamba ameiba maua ya alizeti shambani. Wakampakia nyuma ya gari lao, wakisema wanampeleka polisi. Hakufika. Wao walisema aliruka mwenyewe gari likiwa katika mwendo. Shahidi mmoja akasema walimtupa. Waafrika wa Coligny wakaingia barabarani kwa hasira, na nyumba na maduka yakachomwa moto. Oktoba 2018 Wazungu hao wakatiwa hatiani, na mwaka 2019 wakahukumiwa, mmoja miaka 18 na wa pili miaka 23. Lakini Novemba 2020, mwezi mmoja tu baada ya fujo za Senekal, Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo, ikisema kwamba shahidi yule mmoja hakuwa wa kutegemewa.

Tumeyaweka mashauri haya mawili pamoja kwa makusudi. Maiti mmoja ni wa Kizungu na wa pili ni wa Kiafrika. Umati mmoja ulichoma gari la Serikali, na wa pili ukachoma nyumba za watu. Kila upande uliapa kwamba sheria za nchi ile humlinda mwenziwe, na kila upande una shauri la kuonyesha kuwa ndiyo kweli. Lakini ukiyasoma mashauri yenyewe utaona kwamba kilichoanguka katika yote mawili ni kazi ya kutafuta ushahidi. Waziri wa Polisi wa wakati ule, Bheki Cele, alipokwenda Senekal alilazimika kuwasikiliza wakulima wakimwambia kwamba baadhi ya askari wake hushirikiana na wezi wa mifugo. Askari wa namna hiyo akipewa kazi ya kumtafuta mwuaji, atamtafuta vipi? La kuvunda halina ubani. Ushahidi ulioharibika siku ya kwanza hausafishwi na hotuba za viongozi wala maandamano ya siku ya kumi.

Wako watakaotuambia kwamba tunakimbilia kulaumu polisi ili tusilitaje jambo kubwa, yaani ardhi. Hatukimbii. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwatengea Waafrika, wenye nchi, kiasi cha asilimia 7 ya ardhi. Na ile ya 1936 ikakikuza kiasi hicho hadi asilimia 13 hivi. Zilizobaki walipewa watu wachache. Hesabu ya Serikali iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika mashamba yanayomilikiwa na mtu mmoja mmoja, Wazungu, ambao hawafiki mtu mmoja katika kila watu kumi, walikuwa na asilimia 72, na Waafrika asilimia 4. Miaka 23 ilikuwa imekwisha pita tangu uchaguzi wa 1994. Mtu asiyeona kwamba hesabu kama hiyo ni kuni zilizokauka, huyo ana macho ya mapambo.

Tena si ardhi peke yake. Mfanyakazi wa shamba Afrika ya Kusini hukaa katika nyumba ya tajiri wake, juu ya ardhi ya tajiri wake, na hata babu zake hulala katika ardhi hiyo hiyo. Basi akifukuzwa kazi hufukuzwa pia na makao na makaburi. Iko sheria ya mwaka 1997 iliyokusudiwa kumlinda. Pamoja na sheria hiyo, uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba zaidi ya watu 900,000 walifukuzwa mashambani kati ya 1994 na 2004, yaani katika miaka kumi ya kwanza ya uhuru. Na mshahara? Wachuma zabibu wa De Doorns, jimbo la Western Cape, walipogoma mwaka 2012 na kuzifunga barabara, kiwango cha chini kilikuwa rand 69 kwa siku. Machi 2013 kikapandishwa hadi 105. Wazee wetu waliokuwa manamba katika mkonge hawahitaji kufafanuliwa maisha ya namna hiyo.

Hayo yote ni kweli, wala hakuna hata moja linalompa mtu ruhusa ya kuingia usiku katika nyumba ya bikizee na kumchoma kwa pasi ya moto mpaka aseme fedha ziko wapi. Twasema wazi, kwa kuwa wako ndugu zetu ambao wakisikia Kaburu ameuawa hunyamaza, au hutabasamu kidogo. Neno hilo Kaburu limetoka katika neno la wenyewe lenye maana ya mkulima tu. Sisi tumeligeuza kuwa jina la dhuluma, na wakati wa ubaguzi tulikuwa na haki kuligeuza. Lakini wahasiriwa wa mashambani wengi ni wazee, wakaao mbali na jirani na mbali zaidi na kituo cha polisi, na mateso waliyofanyiwa baadhi yao hayasemeki mbele ya watoto. Anayeona kwamba hayo ni kulipiza kisasi cha 1913 ajiulize, je, wahalifu hao wamemgawia nani ardhi?

Kwa hakika hawaendi kutafuta ardhi. Tume iliyoundwa kuchunguza mashambulio ya mashambani, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 2003, ilikuta kwamba karibu tisa katika kila mashambulio kumi yalifanywa kwa ajili ya unyang'anyi: bunduki, fedha, gari. Yaliyokuwa na sababu za siasa au rangi yalikuwa mawili tu katika kila mia. Na liko jambo la pili katika taarifa hiyo, ambalo halitajwi hata kidogo na wenye kulia wala na wenye kutabasamu. Katika watu waliodhurika katika mashambulio hayo mwaka 2001, theluthi moja walikuwa Waafrika. Ni wapishi, walinzi, wachungaji, na watoto wa wapishi na wachungaji. Jambazi hamwulizi mpishi rangi yake.

Mwaka huo huo wa 2003 Rais Thabo Mbeki alitangaza kwamba vile vikosi vya wenyeji viitwavyo komando vitavunjwa. Waafrika wengi hawakulia, maana waliwajua komando kwa viboko vyao. Wakulima walisema wameachwa uchi. Wote wawili walikuwa na sababu. Ila kosa ni kwamba polisi walioahidiwa kuchukua mahali pa komando hawakuonekana mashambani kwa kiasi kilichotakiwa, na nafasi tupu haikai tupu. Walinzi wa kukodiwa waliijaza kwa mwenye fedha. Kwa asiyekuwa nazo haikujazwa na yeyote.

Nafasi hiyo tupu imewafaa vilevile wenye biashara ya maneno. Wako Wazungu waliokwenda kuwauzia mataifa ya nje habari ya kwamba taifa lao linafutwa. Mei 2025 Rais Donald Trump alimketisha Rais Cyril Ramaphosa mbele ya wapiga picha, Washington, akamwonyesha picha ya misalaba meupe iliyopangwa kando ya barabara, akasema hayo ni makaburi ya wakulima wa Kizungu. Hayakuwa makaburi. Misalaba hiyo iliwekwa karibu na Newcastle, KwaZulu-Natal, mwaka 2020, iwe ukumbusho katika maandamano baada ya mtu na mkewe kuuawa shambani kwao, kisha ikaondolewa. Siku tisa kabla ya mkutano huo watu 59 wa kabila la Kiafrikana walikuwa wamepokewa Marekani kama wakimbizi, wakati ambapo wakimbizi wa karibu mataifa mengine yote walikuwa wamefungiwa mlango. Katika ujumbe wa Ramaphosa alikuwako Zingiswa Losi, mkuu wa shirika la vyama vya wafanyakazi, COSATU. Yeye alimwambia Trump kwamba balaa la nchi yake ni uhalifu, na kwamba vijijini wako wanawake wa Kiafrika, hata vikongwe, wanaonajisiwa na kuuawa. Si neno kubwa. Lakini katika chumba kile, kilichojaa matajiri na wachezaji wa gofu, ni mwakilishi wa wafanyakazi aliyewakumbuka maiti wasio na misalaba.

Upande wa pili nao una wauzaji wake. Malema ameuimba mara kwa mara wimbo wa zamani wa mapambano ujulikanao kwa jina la Dubul' ibhunu, unaotaja kumpiga Kaburu risasi. Mwaka 2022 mahakama iliamua kwamba kuuimba kwake si matamshi ya chuki, na Machi 2025 Mahakama ya Katiba ikakataa kuusikiliza upya ugomvi huo. Uamuzi wa mahakama tunauheshimu. Lakini si kila lisilokatazwa na sheria linampendeza mtu mwenye busara, na kiongozi anayeuimba wimbo huo katika uwanja uliojaa watu wasio na kazi anajua fika kwamba wimbo hauwapatii kazi.

Agosti 2024, wanawake wawili wa Kiafrika waliingia katika shamba la nguruwe karibu na Polokwane, jimbo la Limpopo, wakitafuta vyakula vya maziwa vilivyotupwa. Walipigwa risasi, na maiti zao zikakutwa katika zizi la nguruwe. Mwenye shamba, msimamizi wake na mfanyakazi mmoja wakashtakiwa. Siku zile watu waliokuwa wamejaza mitandao kwa maombolezo ya wakulima walinyamaza, na waliokuwa wamenyamaza walipaza sauti. Hivi ndivyo nchi iliyogawanyika inavyohesabu: kila mmoja ana daftari lake, na katika daftari hilo kuna ukurasa mmoja tu.

Hesabu nzima ni nyingine. Katika mwaka wa 2022/23, na tena katika 2023/24, waliouawa Afrika ya Kusini walizidi 27,000, yaani zaidi ya watu sabini kila siku. Wengi wao ni vijana maskini wa Kiafrika, waliouawa katika vitongoji vya miji. Waliouawa mashambani kwa mwaka huhesabiwa kwa makumi: polisi walitaja watu 49 kwa mwaka wa 2019/20. Makumi hayo ni watu, na kila mmoja alikuwa na jina.

Polisi wa Afrika ya Kusini kwa desturi hawakuwa wakitangaza rangi za waliouawa. Mwezi ule ule wa Mei 2025, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa Washington, Waziri wa Polisi wa wakati huo, Senzo Mchunu, aliivunja desturi hiyo. Kati ya Januari na Machi 2025 watu 5,727 waliuawa katika nchi nzima, na katika hao sita waliuawa mashambani. Wawili walikuwa wenye mashamba, na wote wawili walikuwa Waafrika. Wafanyakazi wawili na msimamizi mmoja walikuwa Waafrika pia. Wa sita, mkazi wa shambani, alikuwa Mzungu. Chama cha AfriForum kilisema kwamba hesabu hiyo haikukamilika. Kama haikukamilika, na ikamilishwe, na pamoja na majina ya wapishi na wachungaji.