Afya ya Watoto Katika Vituo vya Kulelea Mchana

Wazazi wengi wa Unguja na Pemba, wakiwemo watumishi wa Serikali, huwaacha watoto wao katika vituo vya kulelea mchana wanapokwenda kazini. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 imetanguliza maslahi ya mtoto. Hivyo, kibali cha kuendesha kituo hakihusu jengo na ada pekee, bali pia afya ya watoto waliomo. Baadhi ya masharti huwakera wazazi. Sababu zake ni hizi zifuatazo.

(a) Chanjo. Mlezi anapotaka kuona kadi ya kliniki, hakusudii kumsumbua mzazi. Surua huenea kwa hewa, na virusi vyake huweza kubakia chumbani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Kati ya watu 10 wasio na kinga waliomkaribia mgonjwa, 9 huweza kuambukizwa. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto afikapo miezi 9, na ya pili miezi 18. Mtoto wa miezi 6 aliyelala chumbani humo hajafikia umri huo. Ngao yake ni chanjo za wenziwe.

(b) Mtoto mgonjwa. Hapa ndipo penye mvutano mkubwa. Mzazi humpa mtoto dawa ya homa alfajiri, akampeleka kituoni akiwa amepoa, na ifikapo adhuhuri joto limerudi. Dawa hiyo hushusha joto, lakini haiondoi maradhi yanayoambukiza. Inapasa mwenye surua abaki nyumbani hadi zipite siku 4 tangu vipele vitokeze, mwenye tetekuwanga hadi vipele vyote vikauke, na mwenye kuharisha hadi saa 48 baada ya kuharisha kukoma.

(c) Maji na usafi. Mripuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 na 2016 ulidhihirisha hatari ya maji yasiyo salama. Maji ya kunywa yachemshwe na kuhifadhiwa katika chombo chenye kifuniko. Mlezi aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila anapombadilisha mtoto nepi na kabla ya kugusa chakula. Pahala pa kubadilishia nepi pasiwe jikoni.

(d) Usingizi. Mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu lisilo mito.

Masharti haya hayatekelezeki kwa juhudi za mlezi peke yake. Mzazi asiyepata ruhusa kazini hushawishika kuficha homa ya mwanawe. Kwa hiyo wakuu wa idara wanaombwa kulipokea kwa busara ombi la mtumishi mwenye mtoto mgonjwa, na wazazi wanakumbushwa kusema kweli wanapoulizwa hali ya mtoto asubuhi. Kituo kinachomrejesha mtoto mgonjwa nyumbani hakimfukuzi. Kinamhifadhi yeye pamoja na wenziwe.