Utitiri mwindaji: bidhaa hai isiyosubiri mnunuzi

WENYE mitaji wanaopanga kujenga vitalu nyumba vya mboga katika wilaya za Bukoba na Muleba hawana budi kuweka kifungu kimoja zaidi katika hesabu zao, mbali na mbao, nailoni, mipira ya umwagiliaji na mbegu. Kifungu hicho ni ulinzi dhidi ya utitiri mwekundu.

Bukoba hupata mvua nyingi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na nailoni huikinga mboga isiharibiwe na mvua hiyo. Lakini nailoni hiyo hiyo humkinga pia utitiri, ambaye shambani huoshwa na mvua. Ndani ya kitalu chenye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa wiki moja hadi mbili. Dawa ya aina moja ikirudiwarudiwa, hubaki wale sugu tu.

Njia nyingine ni kumnunulia adui yake. Utitiri mwindaji aitwaye Phytoseiulus persimilis aliingia Ujerumani mwaka 1958 kwenye maua ya okidi yaliyotoka Chile. Kampuni ya Koppert ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1967 na mkulima wa matango, ilimfanya bidhaa. Nchini Kenya, kampuni za Dudutech ya Naivasha na Real IPM ya Thika zimemfuga kwa ajili ya mashamba ya maua na mboga.

Mwindaji mmoja hula utitiri wakubwa 5 au mayai 20 kwa siku. Hustawi katika nyuzi joto 20 hadi 27 na unyevu unaozidi asilimia 60, hali ambayo si ngeni kando ya Ziwa Victoria.

Hesabu yake inategemea muda. Kitalu cha mita 8 kwa 15 kina mita za mraba 120. Shambulio likiwa dogo, wawindaji 6 kwa mita ya mraba hutosha, yaani 720. Likikomaa huhitajika 20 au zaidi, yaani 2,400. Kwa kuwa chupa ya kawaida hubeba wawindaji 2,000, aliyewahi huweza kugawana chupa moja na jirani, na aliyechelewa hununua mbili peke yake.

Hata hivyo, yapo mambo matatu ya kuangalia kabla ya kutoa fedha.

Kwanza ni zao. Mwindaji huyu hufaa kwa matango, maharage na waridi. Nyanya za Afrika Mashariki hushambuliwa sana na utitiri wa aina nyingine, Tetranychus evansi, ambaye mwindaji akimla huzaa kidogo mno. Wala hali kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014. Mwenye nyanya atakuwa ametupa fedha.

Pili ni sumu. Dawa nyingi za kuua wadudu humuua na mwindaji, na mabaki yake hudumu kwenye majani kwa wiki kadhaa. Anayetaka kununua aache kwanza kupuliza.

Tatu ni safari. Bidhaa hii ni hai, hutakiwa kukaa mahali pa baridi na kutumiwa ndani ya siku moja au mbili. Mzigo utokao Kenya, uwe umepitia Mutukula au Mwanza, hauna nafasi ya kulala mpakani. Kibali cha kuingiza viumbe hai hushughulikiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na kinapaswa kuwa mkononi kabla ya chupa kuagizwa.

Hapo ndipo penye nafasi ya mfanyabiashara. Mkulima mmoja hawezi kubeba gharama za kibali na usafiri kwa ajili ya nusu chupa. Anayeweza kukusanya oda za vitalu kumi vya Bukoba na Muleba, akazipokea kwa siku moja na kuzisambaza siku hiyo hiyo, ana biashara. Asiyeweza atapokea chupa za utitiri waliokufa.