Nani Afagie Shule Yetu?

Shule ni nini? Watu wengi watajibu: shule ni mwalimu, wanafunzi na ubao. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Kabla ya kengele kulia, mtu amefagia darasa. Mtu mwingine amewasha moto na kupika uji. Mwingine amelinda madawati usiku kucha. Katika miji mikubwa yuko pia dereva wa basi la watoto, na fundi wa mabomba ya maji.

Kazi hizi ni huduma za shule. Hazimfundishi mtoto kusoma. Lakini huduma zikiharibika, masomo nayo huharibika. Mtoto mwenye njaa hasikii hesabu. Mtoto aliyepata ugonjwa wa tumbo kwa ajili ya choo kichafu hukaa nyumbani.

Jioni moja mama mmoja wa darasa letu la watu wazima alitoa swali. Alisema: "Kamati ya shule imepata mfanyabiashara. Anataka kupika uji wa watoto kwa malipo, na mama wanaopika sasa waache. Je, tukubali?" Wengine walisema tukubali upesi. Wengine walikataa kabisa. Mwishowe tuliona kwamba hatulijui vizuri jambo lenyewe. Tukaamua kujifunza kwa wale waliotutangulia.

Maana ya jambo hili

Wilaya au shule inaweza kuendesha huduma zake kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuajiri watu wake yenyewe. Inawalipa mshahara, inawanunulia sabuni na mifagio, na inawasimamia.

Njia ya pili ni kuikabidhi kazi kampuni ya watu binafsi. Wilaya hutangaza zabuni. Makampuni hutaja bei zao. Kampuni inayochaguliwa hutia sahihi mkataba. Tangu siku hiyo mfagiaji ni mtu wa kampuni, si mtu wa shule. Shule hubaki mali ya umma, na walimu hubaki wa umma. Huduma tu ndiyo imekwenda kwa mtu binafsi.

Viongozi huchagua njia ya pili kwa sababu mbili kubwa. Kwanza, wanatumaini kuokoa fedha ili zitumike kwa vitabu na walimu. Pili, wanataka mwalimu mkuu ashughulike na masomo, asihangaike na mifagio na sufuria. Sababu hizi si mbaya. Lakini lazima tuulize: fedha hizo zitaokolewa wapi?

Tupige hesabu

Tuseme shule kadhaa zina wafagiaji 10. Kila mmoja hulipwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 1,000,000. Kampuni inakuja na kusema: "Sisi tutafanya kazi hiyo kwa shilingi 900,000." Kamati inafurahi, kwa kuwa itaokoa shilingi 100,000.

Lakini kampuni nayo inataka faida. Tuseme inachukua shilingi 100,000. Zimebaki shilingi 800,000 za kulipa watu. Sasa kampuni ina njia tatu:

1. Kuwalipa watu 10 mshahara wa shilingi 80,000 badala ya 100,000.
2. Kubakiza watu 8 na kuwapa kazi ya watu 10.
3. Kuleta mashine au utaratibu bora, ili watu 8 waimalize kazi vizuri bila kuumia. Hapo ni lazima kuhesabu pia bei ya mashine.

Njia ya tatu ni maendeleo ya kweli. Njia ya kwanza humnyang'anya mfanyakazi. Njia ya pili huacha uchafu pembeni. Bei ya shilingi 900,000 peke yake haituambii ni njia gani itatumika. Ni lazima tuulize.

Habari za Chicago

Chicago ni mji mkubwa wa Marekani. Wilaya yake ya elimu ina shule zaidi ya 600. Kabla ya mwaka 2014 baadhi ya wafagiaji walikuwa wa wilaya, na wengine walikuwa wa makampuni. Mwezi wa Februari 2014 halmashauri ya elimu ilipitisha mikataba miwili mikubwa ya miaka mitatu. Kampuni ya Aramark ilipewa mkataba wa dola milioni 260. Kampuni ya SodexoMAGIC ilipewa mkataba wa dola milioni 80. Viongozi walisema shule zitakuwa safi zaidi, fedha zitaokolewa, na walimu wakuu watapunguziwa mzigo.

Shule zilipofunguliwa baadaye mwaka huo huo, walimu wakuu wengi walilalamika. Walisema madarasa ni machafu na takataka hazizolewi kwa wakati. Wengine walisema mzigo wao haukupungua bali umeongezeka, kwa sababu sasa walikuwa wakiwafuata watu wa kampuni kila mara. Wakati malalamiko yanaendelea, ilitangazwa kwamba wafagiaji zaidi ya 400 wataondolewa kazini.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa habari za ukaguzi. Shule 125 zilikaguliwa, na shule 91 zilishindwa. Yaani katika kila shule 10, kama 7 hazikuwa safi ipasavyo. Mwaka huo wilaya ilikubali kuongeza wafagiaji 200. Mwaka 2025 wilaya ilitangaza kwamba itaacha mikataba ya usafi ya makampuni na kuutia usafi mikononi mwake yenyewe.

Tunaona nini hapa? Tunaona kwamba mkataba hausafishi sakafu. Sakafu husafishwa na watu wa kutosha, wenye zana, chini ya msimamizi anayepita na kuangalia.

Habari za wapishi wa Uingereza

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1988. Sheria hiyo ililazimisha serikali za mitaa kushindanisha kazi kadhaa, pamoja na kusafisha majengo na kupika chakula cha shule. Wafanyakazi wa serikali ya mtaa waliweza kuendelea na kazi ikiwa bei yao ingeshinda bei ya makampuni.

Huko North Yorkshire serikali ya mtaa ilitaka kushinda zabuni ya chakula cha shule. Ili ipate bei ndogo, ilipunguza malipo ya wasaidizi wa jikoni. Karibu wote walikuwa wanawake. Kazi yao ilikwisha kupimwa, ikaonekana ina thamani sawa na kazi za wanaume wengine wa serikali hiyo hiyo. Malipo ya wanaume hayakupunguzwa. Wanawake wakaenda mahakamani. Shauri lilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi, na mwaka 1995 wanawake wakashinda. Mwaka 2000 ulazima wa kushindanisha kazi hizo ulikoma.

Funzo lake ni hili: hata pale kampuni haikuingia, shindano la bei peke yake lilitosha kupunguza mshahara wa mnyonge.

Je, kampuni ni mbaya siku zote?

Hapana. Kuna kazi ambazo shule haiwezi kuzimudu vizuri peke yake. Kampuni yenye mabasi mengi inaweza kuleta basi la akiba lingine likiharibika. Fundi wa umeme haitwi kila siku, kwa hiyo kumwajiri wa kudumu ni hasara. Tena wako waajiriwa wa umma wanaolala kazini. Ubaya si kampuni. Ubaya ni kukabidhi kazi na kufumba macho.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

1. Bei imepungua kwa njia gani? Watu wangapi watafanya kazi, na watalipwa nini?
2. Wafanyakazi wa sasa watapata nini?
3. Nani atakagua? Atakagua bila kutoa taarifa mapema?
4. Kazi ikiwa mbovu, malipo yatakatwa kiasi gani?
5. Mkataba ni wa muda gani, na tunaweza kuuvunja namna gani?
6. Sufuria, mifagio na mashine ni za nani? Tukiuza zetu leo, kesho tutarudi kwa kutumia nini?

Yule mama aliyanakili maswali haya katika daftari lake, kwa mkono wake mwenyewe, akayapeleka kwenye kamati. Akayasoma mbele ya mfanyabiashara. Mfanyabiashara alijibu manne. Kwa mawili aliomba muda wa kufikiri. Kamati nayo ikasema itasubiri majibu yote kabla ya kuamua.

Mwaka mmoja kabla ya hapo mama huyo alikuwa akitia dole gumba. Ndugu msomaji, mkataba ni karatasi. Anayejua kusoma asikubali kutia sahihi karatasi ambayo hakuisoma.

Maswali ya majadiliano

1. Taja huduma zilizopo katika shule ya watoto wako. Nani anazifanya?
2. Katika hesabu ya wafagiaji 10, ungechagua njia ipi? Kwa nini?
3. Kwa nini shule 91 za Chicago zilishindwa ukaguzi ingawa mkataba ulikuwa wa fedha nyingi?
4. Kama ungekuwa mjumbe wa kamati, ungemjibu nini mfanyabiashara wa uji?